Namna Tulivyoituma Sura ya Mzee Komba

Vijana niliowaachia meza yangu wameniomba niandike jinsi kazi ilivyokuwa kabla ya simu hizi zao ambazo zinapiga picha, zinatuma barua na kuwachongea kwa mama zao. Nimekubali. Habari za vyeo na mishahara sitaziandika, maana vyote viwili vilikuja kwa kuchelewa na havina utamu wa kusimulia. Nitaandika habari za mashine, kwa kuwa nimekaa na mashine saa nyingi kuliko nilivyokaa na mume wangu, na yeye mwenyewe analijua hilo na ameshalizoea.

Nilianza kazi ya uchapaji nikiwa msichana, katika ofisi ya shamba la mkonge huku tambarare, chini ya milima, upande wa Same. Nilitoka kwetu Ngujini, Ugweno, ambako asubuhi hutoki nje bila sweta. Siku ya kwanza nilifika ofisini na sweta langu, nikavumilia nalo hadi saa nne kwa kuogopa kuonekana mshamba, kisha nikalivua, nikalikunja, nikalikalia. Kiti chenyewe kilikuwa cha mbao tupu, kwa hiyo sweta lilifaa zaidi pale kuliko lilivyowahi kufaa mwilini.

Ilikuwa miaka ile ya dhiki. Sabuni ilikuwa habari, sukari ilikuwa uvumi, na utepe wa mashine ya kuchapa ulikuwa kitu cha kuombea kanisani. Utepe ukikauka tuliudondoshea mafuta kutoka korona, yaani kile kibanda kikubwa chenye mtambo wa kukamua majani ya mkonge hadi zibaki nyuzi tupu, ndizo singa. Barua zetu zilitoka na harufu ya injini. Makao makuu waliwahi kupiga simu kuuliza kama ofisi imehamia gereji. Karatasi tulitumia pande zote mbili, na mtu akipokea barua yetu ilimbidi asome nyuma na mbele ndipo ajue upande upi ni wake.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Mrutu, afisa utumishi wetu, mzee wa kanisa kutoka Mhezi, kule juu karibu na Chome. Alikuwa mrefu, mwembamba, na alivaa koti jeusi mwaka mzima, hata jua la Same lilipokuwa linalainisha lami. Alinifundisha kupanga majalada, kukata stenseli ya kurudufia bila kuitoboa, na kumjibu mkubwa kwa heshima bila kumkubalia. Lakini somo lake hasa lilikuwa simu. Kwa Mzee Mrutu, simu ikilia ni mgeni amebisha hodi, na mgeni haulizwi shida yake mlangoni. Anakaribishwa, anaulizwa hali yake, ya nyumbani, ya watoto, ya mvua na ya mifugo, ndipo naye anasema kilichomleta.

Wakati ule simu zilipitia kwa opereta wa Same, na mara nyingi laini ilikatika tukiwa bado kwenye mifugo. Basi Mzee Mrutu anapiga upya na anaanza upya, kwa sababu alisema salamu haziendelezwi kutoka katikati. Opereta alijua hali ya ng'ombe wa Mzee Mrutu kuliko mke wake. Mimi nilipojaribu kufupisha alinitazama juu ya miwani.

“Binti Ngujini, ninyi Wagweno mnasalimia kama watu wanaokimbizwa na mvua.”

“Mzee, makao makuu wanasubiri taarifa ya singa.”

“Singa hazina haraka. Zimeshakatwa.”

Kisha nchi ikafunguliwa. Sabuni ikarudi, tena ya rangi, na mitumba ikajaa gulioni. Shamba letu likauzwa kwa tajiri, na baadaye tajiri akatuletea meneja kijana kutoka Dar es Salaam, aliyevaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Meneja alikuja na kamera isiyotumia filamu, na haukupita muda akaleta mashine moja ya kijivu akaitua juu ya meza yangu. Akasema inachapa, inatoa kopi, inachapa picha za rangi, na pia ni nukushi. Neno nukushi tulilitumia wiki ya kwanza, kisha tukachoka, tukasema faksi kama watu wote.

Kitabu chake cha maelekezo kilikuwa na lugha nyingi kuliko kambi yetu ya wafanyakazi, na kambini tulikuwa na Wangoni, Waha, Wanyaturu, Wamakonde, na Wapare wa kila bonde. Kiswahili hakikuwemo. Nikaisoma mashine ile kwa kamusi na kwa kidole, kitufe baada ya kitufe, na kila nilipokosea ilinipigia kelele mbele za watu.

Hapa niwape maarifa kidogo, maana hata leo nawaona mnakosea. Kabla hamjachapa picha, iambieni mashine mmeipa karatasi gani. Kuna mahali pake kwenye kile kidirisha: karatasi ya kawaida, au karatasi ya picha. Mashine haina macho. Ukiidanganya, inakuamini. Mimi picha yangu ya kwanza ilikuwa ya tajiri mwenyewe akiwa amesimama langoni, na niliitia karatasi ya kawaida huku nimeiambia ni ya picha. Ikamwaga wino bila huruma. Tajiri akatoka amelowa kama aliyeopolewa kisimani, masharubu yanachuruzika hadi kwenye tai. Sikuwa na la kufanya ila kumpeleka uwanja wa kuanikia, nikamtundika kwenye waya katikati ya singa.

Msimamizi wa uwanja huo alikuwa Mzee Kasiani Komba, Mngoni, mtu mfupi mwenye sauti ya upole. Alikuja shambani na manamba, wale vibarua wa mkataba, akiwa kijana ambaye ndevu hazijamwota, akakata mkonge hadi mgongo ulipogoma, akapewa unyapara wa kuanika. Adhuhuri akaja ofisini amemshika tajiri kwa ncha za vidole.

“Shikamoo, Mzee Komba.”

“Marahaba, mwanangu. Huyu bwana amekauka, lakini amejikunja. Na watu wanapita wanauliza amefanya kosa gani hata katundikwa.”

Karatasi yenyewe ya picha nayo ina upande wake. Upande mmoja unapokea wino, mwingine unaukataa, na siku ya joto pande zote zinang'aa sawasawa. Dawa yake ni kulowesha mdomo na kuigusa nao pembe ya karatasi. Upande unaonata ndio wenyewe. Mzee Mrutu aliponikuta nikifanya hivyo alisema kwamba zamani wasichana wa ofisini walikuwa wanasubiri angalau barua iandikwe kwanza ndipo waibusu.

Kilichotugombanisha sisi wawili ni faksi. Faksi na simu zilikuwa kwenye laini moja, nayo ilikuwa na chombo kingine cha simu ofisini kwa Mzee Mrutu. Mashine inakupa uchaguzi: ama ipokee yenyewe kila simu inapolia, ama imwachie mtu apokee, na huyo mtu akisikia mlio wa faksi anabonyeza kitufe cha kuanza. Mimi nikaiweka ipokee yenyewe. Nilikaa kwa raha hadi shemeji yake Mzee Mrutu alipopiga simu kutoka Moshi kueleza habari ya ugonjwa, akapokelewa na ule ukelele. Alipopiga tena akapokelewa vilevile. Akapanda basi, akaja mwenyewe.

“Mtu anakupigia simu kutoka mbali,” Mzee Mrutu aliniambia, “halafu anapokelewa na sauti ya nguruwe anayechinjwa? Binti Ngujini, hapa tunaishi watu. Iambie hiyo mashine ninayepokea ni mimi.”

Nikaiambia. Tangu siku hiyo kengele ikilia tu, Mzee Mrutu amekwisha kunyanyua. Mara nyingi aliyepiga alikuwa ni faksi ya watu, nami nilimsikia kupitia ukutani.

“Haloo. Habari za huko?” Piii. “Huku hatujambo. Mvua ndiyo bado.” Piii. “Ninyi mmeshapanda?”

Faksi ya upande wa pili inasubiri, inachoka, inakata. Nilimweleza kwamba ile ni mashine. Akanijibu kwamba nyuma ya mashine yupo mtu aliyeibonyeza, na huyo mtu ana nyumbani kwake. Nikawa nagonga ukuta kwa rula ili abonyeze, na ukuta ule ukabanduka rangi upande wangu.

Sasa nifike kwenye kisa chenyewe. Jumatano moja ukuta uligongwa kwa wakati na faksi ikatoka salama. Ilitoka kwa Sista Imakulata wa misheni moja kule Ungoni. Alikuwa anamtafuta Kasiani Komba. Kijana wa kijijini kwao aliyepita huku kutafuta kibarua alirudi akasema amemwona mtu wa jina hilo anaanika singa. Nyumbani Komba alihesabiwa kuwa amekufa miaka mingi, na ukoo ulikuwa umeshapanga misa ya marehemu Jumamosi ileile ili waumalize msiba wake. Anayekataa ni mama yake. Lakini naye hataki maneno matupu, kwa sababu aliwahi kujitokeza mtu akasema ndiye Kasiani, akachinjiwa kuku, akalala kitanda kizuri, akaondoka na blanketi. Simu pia haitaki, anasema sauti nzuri hata yule mwizi alikuwa nayo. Anataka uso. Jicho lake moja limekwisha kufunga na la pili linaingia ukungu, kwa hiyo Sista anaomba picha kwa faksi, na iwe kabla ya misa.

Nilimwita Mzee Komba nikamsomea. Akasikiliza kofia ikiwa mkononi.

“Wanisomee misa ya wafu, na asubuhi hii nimekula ugali?”

“Mzee, kwa nini hukurudi kwenu siku zote hizi?”

“Mwanangu, niliondoka nikisema nitarudi na baiskeli. Baiskeli nikaipata, nikasema hapana, nirudi na cherehani ya mama. Cherehani nikaipata, mke wangu akaanza kuitumia. Barua mwanzoni niliandika. Halafu nikaona aibu kuandika bila kufungia kitu ndani.” Akaigeuzageuza kofia. “Mama yupo hai? Wamesema hivyo hapo?”

“Yupo hai. Ndiye anayekutetea.”

Akakaa chini kwenye benchi bila kukaribishwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Nikajua hapo kwamba hii faksi itakwenda hata kama ni kuibeba kichwani.

Alhamisi Meneja alitoa kamera yake kwa moyo mweupe. Mzee Mrutu akasema mtu hapelekwi mbele ya mama yake na shati la kazini, akavua koti lake jeusi akamvika Komba. Mikono ya koti ilimfika kwenye kucha. Tukamsimamisha mbele ya ukuta mweupe, Meneja akabonyeza, nami nikachomeka kile kikadi cha kamera kwenye mashine, nikachapa kwenye karatasi ya picha. Ilitoka safi kabisa, kila mkunjo wa uso mahali pake. Nikaiweka mezani tuisifu, kisha nikaituma.

Baada ya muda Sista akapiga simu. Mzee Mrutu alimaliza naye salamu, akaniita.

“Dada, tumepata,” akasema Sista. “Tumepata koti. Limekaa wima lenyewe, na juu yake kuna chungu.”

Hili nalo lisikilizeni. Faksi ilitengenezewa barua. Ukiiacha ilivyo inajua weusi na weupe tu, hakuna katikati, na uso wa mtu wetu aliyeshinda juani maisha yake yote unahesabiwa wote kuwa wino. Mama yake alikishika kile chungu karibu na jicho, akakirudisha. Akasema mwanawe alikuwa na pua.

Nikatafuta kwenye kidirisha, nikakuta mahali pa kupunguza weusi. Nikapunguza hadi mwisho, nikatuma tena. Safari hii Sista alichelewa kupiga, na alipopiga alikuwa ananong'ona, hata nikabonyeza kitufe cha spika.

“Dada, hapa si pazuri. Ametokea mweupe kama unga, macho mawili tu na mistari. Wazee wa ukoo waliokuwepo wamepiga magoti. Wanasema ni mzimu wake, na kwamba koti hilo ndilo alilozikiwa.”

Nilimwangalia Mzee Komba. Alikuwa amesikia.

“Mwanangu,” akasema taratibu, “mwanzo walikuwa na mashaka. Sasa umewahakikishia.”

Usiku ule kitabu cha maelekezo nilikwenda nacho nyumbani. Asubuhi ya Ijumaa nikawa nimelipata. Kumbe mbali na kule kupunguza na kuongeza weusi, kuna mahali pengine pa kuiambia faksi kwamba hii si barua, ni picha. Ukiiambia hivyo inaupitia uso nukta kwa nukta, inaweka giza kidogo hapa na mwanga kidogo pale, kwa uvivu kama mtu anayechambua mchele. Inachukua muda mrefu sana, na muda wote huo hakuna ruhusa ya mtu kugusa simu.

Nikaanza kutuma kabla ya chakula cha mchana. Karatasi ikaingia kwa mwendo wa kinyonga. Zikaenda nywele, likaenda paji la uso, yakaenda macho. Ilipofika puani, simu ya upande wa pili wa ukuta ikatoa kale kamlio kadogo ka kunyanyuliwa, na nikasikia sauti niliyoijua.

“Haloo! Habari za Ungoni?”

Laini ikafa. Niligonga ukuta kwa ngumi, si kwa rula.

Sista alipiga baada ya hapo kutoa majibu. Mama amesema paji la uso linafanana, lakini watu wenye mapaji ya namna hiyo ni wengi, hata yule wa blanketi alikuwa nalo. Padri anaondoka jioni kwenda kulala kigangoni, kwenye kanisa dogo la kijijini kwao, kwa ajili ya misa ya asubuhi, na ofisi ya misheni inafungwa akiondoka. Tulikuwa na mchana ule tu.

Nikaingia kwa Mzee Mrutu bila kubisha. Alikuwa ameshajua alichofanya, kwa sababu alikuwa amesimama mbali na simu kama imemuunguza.

“Mzee, nakuomba kwa heshima zote. Leo usimsalimie mtu.”

“Unaniambia mimi,” akasema, “nimpelekee mama aliyempoteza mtoto wake karatasi, bila kumuuliza ameamkaje?”

Nilikuwa na hasira, na nilikuwa na maneno ya Kigweno tayari mdomoni. Lakini nikamwona anavyoitazama ile simu, mzee wa watu, nikakumbuka kitu nilichokisoma usiku. Kitabu kilisema watu wawili wanaweza kuanza kwa kuzungumza, na wakishakubaliana, huyu akabonyeza kitufe chake cha kuanza na yule chake, mashine zikaendelea kwenye laini ileile. Nikamweleza. Njoo upigie mezani kwangu, mzee, umsalimie Sista hadi uridhike, kisha uniachie mimi nibonyeze.

Akapiga. Mzee wa kanisa la Kilutheri akamwanza Sista kwa Tumsifu Yesu Kristo, kwa salamu yao Wakatoliki wenyewe, nikajua tumekwisha. Sista naye alikuwa wa shule hiyohiyo. Wakaulizana hali. Wakaulizana mahindi. Mzee Mrutu akaeleza tangawizi ya milimani inavyoendelea, Sista akaeleza kahawa. Akaulizwa hali ya Padri, akaulizwa hali ya wagonjwa, akaulizwa habari za mama mwenyewe, amelalaje, amekula nini, na huyo mama akaletwa karibu na simu, akasalimiwa kwa sauti kubwa, akaitikia. Mimi nilikuwa nimeshaweka kidole kwenye kitufe. Komba alikuwa amesimama wima kwenye kona na lile koti, anapumua kwa mdomo.

“Basi, Sista,” Mzee Mrutu akasema mwishowe, “sasa nazipisha hizi mashine nazo zizungumze.”

Tukabonyeza. Ule ukelele ukaanza, huu unalia, ule unajibu, huu unalia tena. Mzee Mrutu akainamisha sikio.

“Zinafanya nini?”

“Zinaulizana kwanza kama ziko tayari, mzee. Hazianzi kazi kabla ya hapo.”

“Kumbe,” akasema, na tangu siku hiyo hakuiita tena ile sauti nguruwe.

Kisha akaenda kusimama mlangoni ili asiingie mtu. Meneja alikuja anataka kupiga simu Dar, akaambiwa asubiri nje ya ofisi yake mwenyewe, naye akasubiri. Karatasi ikaingia. Macho. Pua. Mdomo. Kidevu. Koti. Ilipotoka upande wa pili na mashine ikaandika kwamba imefika, hakuna aliyeshangilia. Nikairudisha simu mahali pake, tukakaa kuisubiri.

Ilipolia, Mzee Mrutu mwenyewe alinipa ishara nipokee mimi. Nikabonyeza kitufe cha spika ili wote tusikie.

“Dada,” akasema Sista, “imetoka vizuri sana. Lakini mama amekataa. Anasema huyu si Kasiani.”

Komba akaufunika uso kwa mikono ya koti.

“Anasema huyu ni mume wake. Anasema alimzika yeye mwenyewe, kaburi liko nyuma ya nyumba, na anawauliza ninyi mmempata wapi.”

Kwa mbali tukasikia sauti nyembamba ya kikongwe ikisema kwa Kingoni, na Sista akimjibu taratibu, na kikongwe akiuliza, na Sista akijibu tena. Halafu Sista akarudi kwenye simu.

“Mama anauliza, kwani Kasiani ana umri gani sasa?”

Mzee Komba akaisogelea mashine. Hakujua azungumzie upande gani, akaishika kwa mikono yote miwili. “Mwambie mama nina wajukuu,” akasema. “Mwambie nimekuwa mzee.”

Sista akamwambia. Tukasikia kigelegele kimoja, chembamba, kikakatika katikati, kikaanza upya. Nililia pale kwenye meza yangu na sikujificha. Mzee Mrutu alitoka nje akasema ana vumbi machoni, na Meneja, ambaye alikuwa bado anasubiri mlangoni, alionekana kwa mara ya kwanza kuwa na faida na ile miwani yake. Sista akasema misa haiahirishwi kwa kuwa Padri ameshajiandaa, ila itakuwa ya shukrani, na mama ameagiza mwanawe aje upesi, kabla jicho halijafunga.

Meneja akampa Komba ruhusa palepale. Lakini Komba hakuondoka. Aliichukua ile picha mezani, akaishika kwa kingo kama nilivyomwelekeza, akaenda nayo dirishani kwenye mwanga. Akaitazama muda mrefu.

“Baba nilimwacha hana hata mvi moja,” akasema. “Sikumwona alivyozeeka.”

“Hamkuwa na picha yake?”

“Kijijini kwetu, mwanangu? Ampige nani?” Akaendelea kutazama. Kisha akanirudishia. “Nichapie nyingine, kwenye karatasi ile nzuri.”

“Hii hii?”

“Hiyo hiyo. Moja ni yangu mimi. Nyingine nampelekea mama, ya mzee wake.”